Muulize Mpanda Baiskeli: Wiki nzima kwenye milima ya Usambara

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu, kwamba mwezi wa saba ni mzuri kwa kikundi kuzunguka Usambara Magharibi kwa baiskeli kwa wiki moja, basi maswali yakamiminika mpaka mhariri akasema haya, ukurasa wote wako mwezi huu, jibu watu. Nimechagua yale yanayoulizwa na wengi. Majina nimeyaacha.

Shikamoo kaka. Sisi tuko tisa, tunafanya kazi ofisi moja hapa Dar, na Jumamosi nyingi tunapiga mpaka Bagamoyo na kurudi, kwa hiyo kilomita mia na ushee sio habari kwetu. Tumepanga Usambara wiki moja, kilomita 80 kila siku, jumla 560. Kuna mwenzetu mmoja anang'ang'ania haiwezekani, wengine tunaona anatutisha tu. Unasemaje? (Mhasibu, Kinondoni)

Marahaba. Huyo anayewatisha mpeni uongozi wa safari, maana ndiye peke yake aliyeangalia ramani vizuri.

Ndugu yangu, Bagamoyo ni tambarare. Ukiacha kupiga pedeli baiskeli inaendelea yenyewe kidogo, unakunywa maji, unapiga stori. Sasa njoo huku kwetu. Mombo iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto mjini ni kama 1,400, na katikati hapo kuna kilomita 33 tu. Mtu wa kawaida, sio mwanamichezo, akiwa na mzigo kwenye keria anapanda kama mita 300 za kwenda juu kwa saa moja, na hapo kajitahidi. Piga hesabu, wewe si mhasibu: ni zaidi ya saa tatu miguu ikiwa kwenye pedeli, ongeza chai ya Soni, ongeza picha za maporomoko (hamtapita bila kupiga, najua), ongeza cheni ya mtu iliyochomoka, mmetoka Mombo saa mbili asubuhi mnaingia Lushoto saa nane au tisa mchana, mmechoka kweli kweli, na mita ya baiskeli inasoma 33. Hizo 80 za siku mngezipata wapi?

Kwa hiyo futeni kilomita, pangeni siku kwa kupanda. Siku moja msizidishe mita 1,000 za kwenda juu, na ikifuata siku nyingine ya mlima basi iwe na nusu ya hapo. Mimi ningepanga hivi. Usiku wa kwanza mnalala Mombo chini kwenye joto, mmeshuka kwenye basi la Dar, asubuhi mnapanda mpaka Lushoto. Siku ya pili mizigo inabaki gesti, mnakwenda Irente na kurudi, ni karibu tu, mnasimama pale kwenye ukingo mnaangalia Mombo mlikotoka, afu mnapita Shamba la Irente mnakula mkate wa ngano nyeusi na jibini na jemu wanazotengeneza wenyewe. Wengine wataona siku imepotea, ila miguu iliyopanda mita elfu moja jana inahitaji siku kama hiyo, na isipoipata itaidai siku ya nne mkiwa mbali na kila kitu.

Siku ya tatu ndio yenyewe. Mnapanda Magamba, ambapo asubuhi ukungu unaweza kuwa mzito mpaka humuoni mwenzako mita ishirini mbele, taa ziwake, za mbele na za nyuma. Mkitaka kuingia kwenye njia za ndani ya msitu wa hifadhi lipieni kibali kwanza, msijifanye mmepotea. Humo kuna mbega, wale weusi wenye manyoya meupe mabegani, wanaruka juu ya vichwa vyenu. Ukishapita Magamba usitegemee lami, ni udongo mwekundu, barabara inashuka bondeni inapanda tena inashuka tena, huwezi kusema umemaliza mlima. Laleni Lukozi. Hapo ndipo kabichi na karoti na viazi vinapopakiwa kwenye malori kwenda Dar, mji mdogo ila una pilika, chakula kipo, fundi yupo.

Siku ya nne mnamalizia mpaka Mtae. Mtae ipo kwenye ncha ya mlima kabisa, barabara inapita juu ya mgongo wa mlima, kulia bonde kushoto bonde, mbele yenu chini kabisa ni nyika ya Mkomazi, ile iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2008, na ng'ambo Milima ya Upare. Anga ikiwa safi mnaweza kuuona Kilimanjaro. Mkifika mchana wa jua kali mtaona vumbi tu, ndio maana nasema mlale pale pale muamke mapema.

Kutoka Lushoto hadi Mtae ni kama kilomita 60. Siku ya tano msirudi kwa kupiga pedeli, kodini gari liwarudishe Lushoto na baiskeli zenu, wala sio aibu. Siku ya sita mnashuka Soni na kukata kwenda Bumbuli. Mkiwa Soni mnaweza kuulizia Vuga iko upande gani, ndipo yalipokuwa makao ya watawala wa Kikilindi, ukoo unaosimuliwa kuwa ulianzia kwa Mbegha, mwindaji aliyekuja kutoka Unguu. Wazee wakiwapata vijana wanaosikiliza, saa mbili zinakwenda. Siku ya saba Bumbuli, Dindira kwenye chai, halafu mteremko mrefu mpaka Korogwe, mnatoka kwenye baridi na majani ya chai mnatua kwenye joto na mkonge.

Ukijumlisha yote hata nusu ya zile 560 sidhani kama mtafika. Na mtachoka kuliko Bagamoyo zote mlizowahi kwenda.

Bro mambo, mimi nina Phoenix ya mzee, chuma kabisa, wenzangu wana mtumba za gia. Wananiambia siendi nayo. Wakulima wote huko juu wana Phoenix mbona? (Dogo wa Ngamiani, Tanga)

Poa dogo. Wakulima wanazo, sawa, ila muangalie vizuri mkulima akifika kwenye mlima: anashuka anasukuma. Na anaposhuka mlima na magunia nyuma, ule ni ujuzi wa miaka mingi, sio kitu cha kujaribu wiki ya likizo.

Ngoja nikueleze kwa namba. Phoenix ukizungusha pedeli mzunguko mmoja, inakwenda mbele mita tano hivi. Baiskeli ya mlima ya inchi 26, yenye meno 22 kwenye sahani ndogo ya mbele na meno 34 kwenye gia kubwa ya nyuma, mzunguko mmoja inakwenda mita moja na theluthi. Yani unazungusha karibu mara nne kwa umbali ule ule, polepole kama jongoo, ila goti lako linabeba robo tu ya uzito. Hiyo ndiyo maana ya gia. Ukienda kununua mtumba usiangalie rangi wala idadi ya gia alizoandika muuzaji, hesabu meno: sahani ndogo ya mbele iwe na meno machache kuliko gia kubwa ya nyuma. Ikiwa kinyume, hiyo ni ya Barabara ya Bagamoyo, muachie mhasibu wa hapo juu.

Lakini mimi kupanda hakunitishi, kunanitisha kushuka. Breki za Phoenix ni za vyuma virefu, zikibana rimu yenye maji au vumbi laini zinateleza tu. Hata wenye gia wasijisifu. Watu wengi wanabana breki kidogo kidogo kuanzia juu hadi chini bila kuachia, rimu inapata moto, raba inalainika, na kwenye mteremko mrefu na mzigo mzito tyubu inaweza kupasuka kabisa. Bana kwa nguvu kabla ya kona ukiwa bado umenyooka, achia, pita kona, bana tena. Kwenye changarawe usiikamate breki ya mbele peke yake, gurudumu litakimbia utabaki na meno yako mkononi. Makalio yarudi nyuma ya siti. Kila baada ya muda simama, gusa rimu kwa haraka, ikikuunguza kaeni chini mle machungwa.

Raba za breki nunua mpya kabla ya safari na beba nyingine mfukoni. Tyubu nunua zenye valvu nene kama ya pikipiki, maana hiyo fundi yeyote wa bodaboda kijijini ana pampu yake. Ile nyembamba ya kizungu pampu yao haishiki, utabaki unaomba.

Phoenix ya mzee itunze. Kwa safari hii azima.

Samahani kaka, mimi ni mama wa watoto wawili, nimejifunza baiskeli ukubwani, napanda vizuri tu ila polepole. Kikundi chetu wanaume sita wanawake watatu. Wanaume wamesema "tusije tukawa mzigo". Pia naomba kujua usalama wa kulala na vyoo njiani. Na kuvaa je, mimi navaa hijabu. (Mama Tabata)

Dada yangu, kikundi chochote kina mtu wa mwisho. Ukibaki nyumbani wewe, wa mwisho atakuwa mwingine, na huenda akawa mmoja wa hao hao waliosema, maana wanaume wenye vifua vikubwa wanaanza Mombo kwa fujo saa moja asubuhi, saa nne unawakuta kivulini kabla ya Soni wanajifanya wanarekebisha cheni. Nimeona hayo sana. Anayepanda polepole bila kusimama anafika.

Waambie hivi: mwendo wa kikundi unapangwa na wa mwisho, na wa mbele anatafuta kazi nyingine ya kufanya huko mbele. Mwenye mbio atangulie kutafuta gesti na kuagiza chakula, maana mgahawa mdogo kijijini ukiwavamia watu tisa saa saba mchana bila taarifa mtasubiri wali mpaka saa tisa. Hapo mbio zake zina faida. Na nyuma kabisa awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuwa nyuma, hampiti mtu yeyote siku nzima, ana pampu, ana spana, ana tyubu na dawa. Kazi hiyo wapokezane kila siku. Kwenye kila njia panda wa mbele anasubiri mpaka amuone huyo wa nyuma, sio mpaka apige simu, mabondeni mtandao unakata.

Kulala: Lushoto gesti zipo za kila bei. Lukozi, Mtae na Bumbuli chaguo ni chache, pigeni simu mapema, na wanawake watatu chukueni chumba chenu kimoja kikubwa au viwili vinavyofuatana. Usiku msitembee na baiskeli, na sio kwa sababu ya watu, watu wa huko ni wastaarabu sana, ni kwa sababu ya malori ya mboga kwenye kona. Vyoo: kila mji mdogo una msikiti au kanisa au shule, ukibisha kwa adabu na kusalimia kwanza hawakunyimi. Salamu huko ni kitu kikubwa, usipite mtu mzima kimya eti uko kwenye mlima unahema, hata "shikamoo" ya kukata pumzi inatosha.

Hijabu haina tatizo lolote, utakutana na wanawake wengi waliojistiri, ni sehemu yenye Waislamu wengi. Tatizo ni vitambaa virefu kwenye cheni na spoku. Suruali pana ibane kifundoni kwa mpira, gauni liwe fupi la juu ya suruali, ushungi uwe wa kuvuta unaobana na helmeti juu yake. Na jaketi beba, mwezi wa saba jioni kule ni baridi ambayo mtu wa Tabata haijui.

Mimi ndio mweka hazina wa safari. Nusu wanataka gari la kusindikiza libebe mabegi, nusu wanasema huko ni kudeka na hawachangii. Tunaelekea kugombana kabla hata ya kuondoka. (Morogoro)

Mtagombana tu, pesa na jasho pamoja ni lazima. Ila amua hivi: kama mna watu zaidi ya watano, kodini kirikuu kwa siku tatu ngumu tu, ya kwanza, ya tatu na ya nne, sio wiki nzima, na kila mtu achangie sawa pamoja na hao wababe. Sababu sio mabegi. Sababu ni kwamba siku mtu akianguka akavunjika mkono kati ya Lukozi na Mtae, gari litakuwa la wote, hamna atakayeuliza nani alichangia. Wasiotaka kuweka begi wasiweke, ni haki yao, wapande na kilo zao kumi nyuma tuone.

Na kabla ya kuondoka kusanyeni mfuko mdogo wa pamoja wa chai, pancha na bodaboda ya dharura, ushike pesa taslimu. Mawakala wapo ila siku ya gulio wanaishiwa pesa mezani. Kila jioni soma hesabu mbele ya wote mkiwa mnakula. Ukisubiri mwisho wa wiki ndio utajua nani alikuwa anahesabu chapati za mwenzake.

Salama kaka, mimi niko Voi, Kenya. Sisi tuna milima yetu ya Taita hapa. Naweza kutoka kwetu kwa baiskeli mpaka Lushoto na kikundi changu? (Voi)

Salama sana jirani. Milima yenu ni dawa tosha ya mazoezi, na ningekwambia mfanye Mwatate kwenda Wundanyi wikiendi kadhaa kabla ya kuja, maana kupanda kwake kunafanana na Mombo kwenda Soni, kona kwa kona. Mkishapanda ile na mizigo bila kushuka kusukuma, mko tayari.

Kuja kwa baiskeli mwanzo mwisho inawezekana, Voi kwenda Taveta lami ipo, mnavuka Holili, mnatokea Himo. Shida yangu inaanzia hapo. Kutoka Himo kupita Same hadi Mombo ni barabara kuu ya Dar na Arusha, mabasi ya abiria yanakimbia na malori yanapishana, na pembeni mara nyingi hamna nafasi ya kutosha ya baiskeli. Milima ya Upare kushoto kwenu inapendeza sana lakini hamtaiangalia, mtaangalia kioo cha nyuma. Mimi ningepakia kwenye basi pale Himo nishuke Mombo. Mje na pasipoti au kibali cha muda cha kusafiria, msitegemee kitambulisho peke yake.

Mwezi gani haufai kabisa? (Mwanafunzi, Arusha)

Wa tatu mpaka wa tano, masika. Udongo ule mwekundu ukilowa unakwama katikati ya tairi na uma mpaka gurudumu halizunguki, na barabara za pembeni wakati mwingine zinakatika kwa maporomoko ya udongo. Vuli nayo mwezi wa kumi na moja inasumbua ila hamkwami. Mwezi wa sita mpaka wa tisa pakavu.

Kaka mimi swali langu ni la aibu kidogo, makalio. Siku ya pili tu nashindwa kukaa. (Dodoma)

Hamna aibu, kila mtu yanamkuta. Kaptula yenye sponji, ndani usivae kitu kingine, mshono ndio unaochuna. Siti iwe ngumu kiasi, zile za sponji nene zinakudanganya siku ya kwanza tu. Paka mafuta ya mgando kabla ya kuanza, oga na ukauke vizuri jioni, na kwenye mteremko simama kwenye pedeli. Ikishakuwa kidonda pumzika siku moja, panda kirikuu, ndio kazi yake.

Kwenye basi la Dar baiskeli zinabebwaje? Kondakta mmoja alitaka nauli ya mtu mzima. (Mbagala)

Mpatane siku moja kabla, ofisini kwao, sio asubuhi ya safari abiria wakiwa wanasukumana, na wakuandikie kwenye tiketi. Basi likiwa na watu tisa wenye baiskeli tisa buti haitoshi, gawaneni mabasi mawili. Toa gurudumu la mbele, geuza usukani ulale sambamba na fremu, pedeli fungua (ya kushoto inafunguka kinyume, usiilazimishe), punguza upepo kidogo, gia za nyuma ziangalie juu na ndoo za watu zisikae juu yake. Funga vyote kwenye magunia mawili ya salfeti yaliyoshonwa pamoja, kondakta akiona gunia halalamiki kama akiona baiskeli. Na ukae upande wa buti, kila basi likisimama uchungulie, maana Mombo wanashusha haraka haraka na gurudumu lako la mbele linaweza likaendelea na safari mpaka Arusha.